Kigingi cha Kumi na Nne

"Kigingi hakina miguu, Mama Zita. Siku ya Jumanne Gidahosh alikiona kwako, leo Ijumaa kiko kwenye mahindi yangu. Sasa niambie kilipanda basi gani."

Watu wakacheka. Imakulata, huyo Mama Zita, naye akacheka, kwa sababu mwenye jambo moyoni akinuna kabla ya wenzake amekwisha kujitaja. Alikuwa upande wake wa ua wa minyaa, mikono kiunoni. Jirani yake Genoveva, Mama Margwe, aliyesema hayo, alikuwa upande wa chini, vumbi la safari ya Mbulu bado limemganda viatuni. Alikwenda msibani wiki mbili na hata mzigo hajaufungua. Katikati ya mahindi yake, yaliyofika magotini, kilisimama kigingi cha mti, kichwa kimepakwa rangi nyekundu, ubavuni kimeandikwa namba kumi na nne.

Imakulata akajibu kwamba Gidahosh kazi yake ni kuhesabu ng'ombe, vigingi amwachie serikali. Na kwamba yeye kigingi hicho amekiona hapo hapo tangu kipigwe. Alilisema hilo akimtazama mzee Nicodemo, balozi wa nyumba kumi, aliyeitwa kuamua, na alilisema vizuri hata mwenyewe akakaribia kuliamini.

Lakini ni yeye aliyekihamisha.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, sabuni ya kupanga foleni, na ukisimama pale Endasak kwenye mteremko wa mlima Hanang ukatazama chini, unaona ngano. Si shamba, ni nchi nzima ya ngano, imelala hadi macho yachoke, na trekta za serikali zinatambaa ndani yake kama kupe juu ya ng'ombe. Nyumba ya Imakulata ilikuwa njiani, na ilijaa watu tangu asubuhi hadi jua lizame. Walikuja kunywa chai isiyo na sukari na kupata habari zilizotiwa sukari. Nani kaposa, nani kakataliwa, padri kasema nini na alimtazama nani alipokuwa akisema. Na Gidahosh, mfugaji wa Kibarabaig aliyepandisha mifugo yake kutoka tambarare, naye aliketi humo siku moja akasimulia mambo ya kwao. Kwanza, alisema, vinakuja vigingi vyekundu. Unaviona, unapita, ng'ombe wanavikojolea. Halafu inakuja trekta. Halafu makaburi ya wazee wako yako katikati ya ngano na wewe huna ruhusa ya kuyafikia.

Wiki iliyofuata mtaalamu mwembamba wa serikali akapiga kigingi chekundu katikati ya maharage ya Imakulata, majani yakakificha.

Alikuwa mtu mpole. Alipima mwinuko wa mahali, akaweka chini kisanduku, akachungulia humo, akaandika, akanywa chai, akaeleza kwamba wanatafuta mambo ya matetemeko ya ardhi. Imakulata aliitikia kwa adabu na hakuamini hata neno moja. Ekari tatu hizo ndizo alizoachiwa na marehemu Akonaay. Hakuwa na nyingine, hakuwa na mtoto wa kiume, na binti yake Zita alikuwa ameolewa mbali. Ekari zikienda, nyumba imekwenda, na nyumba ikienda, watu nao wamekwenda.

Jumatano, siku ya mnada wa Katesh, kijiji kizima kikashuka mnadani kama maji. Imakulata akasema kichwa kinamuuma. Saa sita mchana, jua limesimama wima, akakitikisa kigingi kama jino bovu hadi kikang'oka. Kukitupa kusingefaa, wangehesabu, wangepiga kingine. Lazima kiende mahali. Akapita kwenye mwanya wa ua, akashuka hatua thelathini, akakipigilia kwa jiwe kwenye mahindi ya Genoveva, ambaye hakuwapo. Kule juu akafukia shimo, akaweka samadi. Alijiambia kwamba Genoveva ana vijana watatu na ana shamba la kwao Mbulu. Ni mtu mwenye pa kwenda. Hivyo ndivyo mtu anavyojiambia akiwa na jiwe mkononi.

Na alijua adhabu. Pale hakuna asiyeijua: anayehamisha alama ya mpaka hapewi moto, haingiliwi nyumbani, hasalimiwi kisimani, mpaka yule aliyekosewa amfungulie mlango wa nyumba yake mwenyewe. Wengine walifunguliwa baada ya miaka. Wengine walihama.

Balozi Nicodemo alikuwa bado anakohoa, ishara kwamba anatafuta neno, mara Land Rover ikaingia ikivuma. Akashuka mtu wa miaka thelathini hivi, uso umekauka kwa vumbi. Akamwamkia balozi shikamoo, akawaamkia akina mama mmoja mmoja, akajitaja kuwa Sebastiani. Mwenzake aliyepiga vigingi ameshikwa na malaria, amerudishwa Dodoma. Yeye amebaki na daftari lake. Wamepima mstari mrefu, alisema, kuanzia nyanda za juu za Mbulu hadi Nangwa, wiki sita za kazi, na mstari wote umeegemea kigingi cha kumi na nne. Kila hesabu inarejea hapo, kwa hiyo lazima akipime tena ndipo aufunge. Je, kiko wapi?

Watu wote wakaonyesha kwenye mahindi. Genoveva akafungua mdomo, balozi akamnyamazisha kwa mkono. Serikali ifanye kazi yake kwanza.

Sebastiani akaanza na kipimo cha sumaku. Alitoa fimbo ndefu nyepesi ya aluminiamu yenye kopo juu yake, akaomba kila mwenye chuma asogee mbali. Gidahosh, aliyekuwa amefika na mkuki wake kusikiliza kesi inayomtaja, aliombwa akauchomeke kule barabarani, na alikwenda akigeuka nyuma kila hatua kama anayemwacha mtoto kwa watu asiowajua. Balozi alivua mkanda, ikabidi asikilize kesi iliyobaki ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mtu akanusa kopo akanong'ona kwamba ndani mna mafuta ya taa. Minong'ono ikazunguka: mafuta ya taa ambayo dukani hakuna tangu Pasaka, haya hapa yamekaa juu ya fimbo. Sebastiani akacheka, akasema ni kweli, yanafanana nayo, ndiyo yanayosikiliza.

Yanasikiliza nini? Imakulata, aliyekwisha kuvuka ua, ndiye aliyeuliza. Hakuweza kujizuia, habari ni habari.

Yanasikiliza mawe, alijibu. Mlima huu ulipomwaga moto zamani za zamani, kabla hajazaliwa mtu wa kuuita jina, mawe yalishuka yakiwa uji mwekundu. Yalipopoa, kila punje ya chuma iliyomo iligeuza uso kutazama kaskazini, ikaganda hivyo hivyo. Mpaka leo inatazama. Na pale ardhi ilipopasuka ikasogea, nyuso zile zimekatika, upande mmoja hivi, upande mwingine vile, na mtu akipita juu na fimbo hii anausikia ule mkato ulio chini sana, chini kuliko kisima chochote.

Mzee mmoja alitazama miguu yake, akaihamisha kidogo, kama aliyegundua amesimama juu ya watu waliolala.

Kisha akatoa kisanduku chenyewe, cheusi, kirefu kama kibuyu cha maziwa, akakiweka chini pembeni ya kigingi. Akazungusha skrubu tatu za miguuni mpaka kikakaa sawasawa, akaomba watu wasitembee. Akainama, akachungulia, akazungusha gurudumu dogo taratibu sana, akaandika. Akatazama daftari la mwenzake. Akachungulia tena. Alirudia mara tatu, na kila mara kimya kilizidi, mpaka mlio wa trekta kule chini kwenye ngano ukasikika kama nyuki.

"Mna kitu cha kuwekea juu?" akauliza.

Genoveva akaleta kinu, akakipindua. Sebastiani akaweka kisanduku juu yake, akachungulia, halafu akatazama nani yuko karibu. Aliyekuwa karibu, kama kawaida, ni Imakulata. Akamwambia achungulie.

Ndani mlikuwa na giza, na ndani ya giza uzi mmoja wa mwanga, mwembamba kuliko unywele, umesimama pembeni ya alama. Akamwambia aukariri mahali ulipo. Akakishusha kisanduku chini kwenye udongo, akakisawazisha, akamwambia achungulie tena. Uzi ulikuwa umesogea.

Imakulata aliinuka polepole.

Humo ndani, Sebastiani alieleza, mna springi, na kwenye springi kumening'inia kitu kizito kidogo tu, na dunia inakivuta. Ukiwa juu, dunia inakuvuta pungufu, kwa kiasi kidogo kuliko kidogo. Ukishuka, inakuvuta zaidi. Gawa uzito wa mtu mara milioni mia, kisanduku hiki kinaona kipande kimoja. Kinajua kimepanda juu ya kinu. Kinajua kama chini yake kuna mwamba mzito au jivu jepesi la mlima lililojaza ufa wa zamani. Kwa namna hiyo, mtu anayetembea juu ya mahindi anaweza kuchora kilicho chini ya mahindi, kina cha safari ya siku nzima kwa mguu, bila kuchimba hata kwa jembe.

Imakulata alisikia ngozi ya kichwa ikimsisimka. Maisha yake yote alikuwa akipika, akilima, akizika, akicheka juu ya udongo huu, na wakati wote udongo ulikuwa umemshika, unamvuta, hapa kwa nguvu hii, kule kwa nguvu ile, kila hatua na kipimo chake. Hata alipopita kwenye mwanya wa ua Jumatano na kigingi mkononi, hatua thelathini, hakuna jicho la mtu, dunia ilikuwa ikimvuta zaidi na zaidi kidogo kwa kila hatua. Ilikuwa inajua anashuka.

"Basi kinajibu vizuri," Sebastiani alisema, lakini uso wake haukuwa wa mtu mwenye habari nzuri. "Tatizo ni kwamba kinasema kiko chini, kwa urefu wa watu wawili, kuliko mahali alipopima mwenzangu. Mzee, hiki kigingi kimehamishwa?"

Balozi akapandisha suruali. Akasema hilo ndilo hasa lililowakusanya: mmoja anasema kimehama, mwingine anasema kiko hapo tangu kipigwe. Na aliyesema kiko hapo tangu kipigwe ni huyu Mama Zita, ambaye ndiye aliyempa mwenzake Sebastiani chai.

Wote wakamgeukia Imakulata. Akainama, akaanza kung'oa magugu kwenye mahindi yasiyo yake.

Sebastiani alimsubiri kidogo. Kisha akapumua, akaanza kukunja daftari. Kama kigingi hakikuhama, alisema, basi kisanduku ndicho kibovu. Kitakuwa kimegongwa njiani, springi imeteleza. Na kama kimeteleza hapa, hajui kimeteleza kuanzia wapi, kwa hiyo wiki sita zote hazina maana. Ataandika hivyo. Mafuta ya kurudia hana.

Genoveva akauliza watarudi lini.

"Sijui, mama. Labda miaka miwili. Labda wasirudi."

Genoveva alikuwa amesimama na mchi wa kinu mkononi. Akauweka chini, akaketi juu ya kinu. Hakumtazama mtu. Alianza kusema kwa sauti ya mtu anayejisemea, na watu wakasogea ili wasikie. Alipokuwa msichana kule Mbulu, walikuwa wakiishi kwenye nyumba ya tembe, paa la udongo, zito, paa lililokuwa linaota majani kila masika na mbuzi wanapanda kulisha juu yake. Alikuwa nje anakamua. Ng'ombe akaacha kutoa maziwa, akatanua miguu yote minne. Halafu ardhi ikajikung'uta, kama mtu anavyokung'uta ngozi ya kulalia. Mara mbili tu. Alipogeuka, paa lilikuwa sawa na uwanja, na mama yake alikuwa ndani anasonga ugali. Walichimba mpaka jioni. Alishuka kuolewa huku Endasak akidhani amelikimbia tetemeko, na akiwa kwenye uzazi wa kwanza kitanda kikatikisika. Tangu siku hiyo halali usingizi mzima. Hataki serikali imletee kitu, alisema, si sabuni, si sukari. Anataka mtu mmoja tu amwambie ule ufa unapita wapi, ajue wanawe wajenge wapi.

Kule barabarani Gidahosh alikuwa amekaa karibu na mkuki wake.

Ingekuwa rahisi. Imakulata aliliona hilo wazi kabisa. Kisanduku kiitwe kibovu, gari liondoke, kesi iwe neno lake na neno la mfugaji, na kesho asubuhi nyumba ijae watu na chai. Angeweza kuishi nalo. Watu wameishi na makubwa zaidi. Kitu kimoja tu hakikukubali. Alikuwa ameuona ule uzi. Ameuona kwa jicho lake ukisogea kwa sababu ya kimo cha kinu, kitu pekee mahali hapo ambacho hakikusema uongo, na sasa kinafungwa kamba kipelekwe Dodoma kwa jina la mwongo.

"Hakijaharibika," akasema. "Kimesema kweli."

Sebastiani akasimama.

"Kilikuwa kwangu. Juu, kwenye maharage. Nimekitoa mimi Jumatano, nikakileta huku kwa Mama Margwe. Nilidhani ni cha trekta." Akaonyesha mwanya wa ua kwa kidole. "Nilitaka imchukue yeye, isinichukue mimi."

Mtu mmoja nyuma akasema "Yesu," kwa sauti ndogo. Wanawake waliokuwa karibu na Imakulata walisogea, si mbali, hatua moja tu, lakini aliisikia hatua hiyo kuliko tusi.

Hakungoja kuambiwa. Alipanda mteremko, akapita mwanya wa ua, na watu nyuma yake kama maandamano ya Ijumaa Kuu. Akapiga magoti kwenye maharage, akaondoa samadi kwa mikono, akachimbua udongo mpaka vidole vikaingia kwenye shimo. Lilikuwa bado na umbo la kigingi. Sebastiani alikirudisha, akagusa kwa nyundo mara mbili, akaweka kisanduku, akasawazisha, akainama.

Mtoto mgongoni mwa mama yake alianza kulia akazibwa kwa ziwa. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka kichwa cha Hanang na kusimama nusu, na chini yake mteremko wote, mahindi na paa za nyasi na ng'ombe na ile ngano isiyo na mwisho, ulionekana umetulia kama kitu kinachopimwa.

Sebastiani akaandika namba. Akafungua daftari la mwenzake, akayaweka mawili bega kwa bega, akamwonyesha balozi. Balozi hakuwa msomaji sana, lakini tarakimu anazijua; alifuata kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho kabisa. Zilikuwa zile zile.

"Siku kumi zimepita," Sebastiani akasema, na sasa hata yeye, aliyeifanya kazi hii miaka, alisema taratibu. "Na ardhi imerudia neno lake."

Aliwaambia kile alichoweza kuwaambia. Ramani bado, hesabu zitakwenda kuchorwa. Lakini kuanzia kigingi cha kumi na mbili hadi cha kumi na sita, kwa fimbo na kwa kisanduku, ardhi inashuka ngazi moja kubwa huko chini. Upande wa mlima mwamba mzito, upande wa bonde jivu jepesi, na katikati pale pamekatika. Ni mtoto mmoja wa lile Bonde la Ufa kubwa. Ufa huo unapita chini ya mashamba haya, la juu na la chini, haukujali ua wa minyaa. Lini utatikisika tena, hakuna kisanduku kinachojua. Wajenge kwa miti iliyofungwa vizuri na paa jepesi, na asiwepo mtu wa kulala chini ya paa la udongo. Genoveva alimfanya arudie mara mbili, akahesabu kwa vidole.

Kisha gari likaondoka, na kikabaki kilichobaki.

Balozi Nicodemo alikuwa amevaa mkanda wake. Alikohoa. Imakulata alisimama kando ya maharage yake yaliyokanyagwa, mikono yake michafu ikining'inia, akitazama mlango wa nyumba yake na jinsi njia ya kuufikia ilivyochongwa na miguu ya watu. Balozi akaanza kusema kwamba wote wanaijua desturi, na kwamba yeye hakuitunga. Moto. Kisima. Salamu.

"Ngoja, mzee," Genoveva akasema.

Alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ua, kinu begani, amekitoa mahindini, tayari kukirudisha nyumbani.

"Siku ile ya mama yangu," alisema, akimtazama Imakulata kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, "kama ningepata pa kulishika lile tetemeko, ningelisukumia kwa jirani. Nyumba ya jirani ilikuwa hatua thelathini tu. Ningelisukuma kwa mikono miwili." Akakiweka kinu sawa begani. "Sikuwa na pa kulishika. Ndiyo tofauti yangu na wewe."

Akashuka. Watu wakampisha. Alifika mlangoni kwake, akatua kinu, akaingia, na moshi wa jiko ukaonekana ukiamka upya. Hakuna aliyeondoka. Balozi alisimama na neno lake nusu mdomoni, asijue kama alimeze au alitoe. Baada ya muda Genoveva akarudi mlangoni na kata ya maji, akaushika ubao wa mlango kwa mkono mwingine, akausukuma mpaka ukagonga ukuta.

"Mama Zita, unasimama huko mpaka lini? Ugali umeiva na maziwa mgando yapo. Njoo unawe, uingie tule."